Mhandisi, nyumba nayo ina sevisi ya kila mwaka?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nina nyumba Kigamboni, Dar es Salaam, vyumba vitatu, sebule na jiko, huu ni mwaka wa tano tangu tuhamie. Bati ni la rangi, geji 30. Maji nayahifadhi kwenye simtanki la lita 2,000, na vyoo vinaenda kwenye karo la kutuliza maji taka na shimo la kunywea maji yake nyuma ya nyumba. Masika iliyopita dari ya chumba cha watoto ilipata doa la njano kama ramani. Fundi niliyemwita alipanda juu, akashuka, akasema bati lote limechoka, libadilishwe. Nikaingia intaneti kutafuta nyumba hufanyiwa nini kila mwaka, nikakuta orodha za Marekani: safisha dohani, kinga mabomba yasigande kwa baridi. Mimi hata sweta sina. Naomba unielekeze nifanye nini, mwezi gani, na nitenge shilingi ngapi. Halafu kuna kitu kidogo tu, bafuni nikigusa koki ya bomba la mvua huku hita imewashwa, mkono unatekenywa.

Jibu: Marahaba. Nianze na hicho ulichokiita kidogo, maana hakisubiri ratiba ya mwaka.

Hiyo hita usiiwashe tena. Zima breka yake, waambie na watoto, mkaoge maji ya kuchemsha jikoni mpaka fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aje na kipimo. Kutekenywa maana yake umeme unavuja, umekosa njia ya kwenda ardhini, umekuona wewe ndiyo njia. Huenda mpaka sasa umekuwa na ndala miguuni. Siku utakayosimama peku kwenye maji, hautakutekenya.

Mwambie huyo fundi, pamoja na kuifungua hita, atoke nje atazame fimbo ya ethi, ile iliyozamishwa ardhini karibu na ukuta kuupeleka chini umeme unaovuja. Kwenye nyumba za pwani zenye lalamiko kama lako nimeukuta ubovu hapo mara nyingi. Klampu inayobana waya kwenye fimbo imeliwa na chumvi, ukiigusa kwa kidole inazunguka, au waya umekatwa na jembe la mtu aliyekuwa anapanda maua. Kuna jambo jingine la mchanga wa Kigamboni. Ukikauka, haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo ethi iliyopimwa Aprili ardhi ikiwa imelowa inaweza kufaulu, na Februari ikashindwa. Pimisha wakati wa ukame.

Kwenye boksi la breka tafuta breka yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hiyo ndiyo inayokata umeme ukianza kuvuja, na ya nyumbani inatakiwa iwe ya miliampea 30. Bonyeza T, inapaswa kuanguka hapo hapo. Isipoanguka, imekufa, ibadilishwe. Kama huna kabisa, iwekwe kabla ya kununua hata kopo moja la rangi. Ila usijidanganye, kitufe cha T kinapima breka yenyewe tu. Hakikwambii lolote kuhusu ethi.

Sasa tuje kwenye sevisi. Gari tunaliangalia kwa kilomita, nyumba ya pwani iangalie kwa mvua. Wamarekani wanapanga kazi zao wakisubiri baridi, sisi tunasubiri masika. Ukaguzi mkubwa ufanye Februari, kabla Machi haijafungua. Ukaguzi mfupi ufanye Septemba mwishoni, kabla ya vuli, na vuli usiidharau: mafuriko yaliyowahamisha watu wa bonde la Jangwani, Dar es Salaam, mwaka 2011 yalikuja Desemba. Kazi za rangi na kunyonya karo zisubiri kipupwe, Juni hadi Agosti, kukiwa kukavu na jua halijawa kali.

Nikupe hesabu moja ambayo huwa naifanya mbele ya mwenye nyumba kabla sijapanda ngazi. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la nyumba kama yako, pamoja na vipenu, tuseme ni mita za mraba 120. Usiku mmoja wa masika ukishusha milimita 50, paa limepokea lita 6,000, yaani simtanki lako mara tatu. Kwa mwaka Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100, hizo ni zaidi ya lita 130,000 zinazopita juu ya vichwa vyenu. Wewe kama mwenye nyumba fuata hizo lita, kuanzia kofia ya paa mpaka zitoke kwenye kiwanja chako, uone zinakwama wapi.

Tuanze juu, kwenye hilo bati "lililochoka". Linaweza kuwa limechoka kweli. Geji 30 ni bati jepesi (namba ya geji ikipanda, unene unapungua) na upepo wa bahari hauna huruma. Lakini miaka mitano ni michache kwa bati la rangi kufa lote kwa mpigo, na fundi anayesema "lote" bila kukuonyesha picha hata moja mimi simlipi nauli.

Fanya hivi. Chagua siku ya jua kali, saa saba mchana, uingie darini kupitia kile kitundu cha ukaguzi. Kanyaga mbao za kenchi tu, jipsam haibebi mtu. Zima tochi, tulia kama dakika tano macho yazoee giza. Kila tundu litawaka kama nyota. Huna haja ya kulitafuta juu kabisa ya lile doa, kwa sababu maji yakishaingia hutambaa chini ya bati kufuata mteremko, yakifika kwenye papi, ile mbao inayopigiliwa bati, ndipo yanadondoka. Tundu lako huenda liko mita moja au mbili juu ya doa, kuelekea kwenye kofia. Likifichama, subiri jioni, mtu mmoja awe darini na tochi, mwingine amwagie bati maji kwa mpira akianzia chini na kupanda taratibu, si kuanzia juu. Ukianzia juu kila kitu kinalowa, hujui kipi kimevuja.

Nina shaka kubwa na misumari. Ng'oa mmoja uliolegea, uushike mkononi. Chini ya kile kichwa kipana kuna kipande cha mpira. Kikiwa kipya, ukikibonyeza kwa ukucha kinabonyea na kurudi. Kilichokaa miaka mitano juani kinakatika kama mkaa. Hapo maji yana njia, lakini hayo ni nusu tu ya kisa. Nusu ya pili ni kwamba bati linatembea. La mita 3, likitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi joto la mchana, tofauti ya nyuzi kama 40, linarefuka karibu milimita moja na nusu, na usiku linarudi. Kila siku ya Mungu. Msumari unatikiswa hivyo miaka mitano, unajivuta juu kidogo kidogo, na tundu linapanuka.

Ndiyo maana kuupiga nyundo msumari uleule ni kazi bure. Mbao imeshaachia, baada ya masika moja utakuwa umerudi pale pale. Weka skrubu ya bati yenye mpira wake, nene na ndefu kuliko msumari uliotoka, kwenye tundu lile lile, juu ya mgongo wa bati. Ukikuta misumari imepigwa bondeni, maji yanakopita, umeshapata jibu la dari yako. Usikubali kupakwa lami juu ya tundu. Inapasuka kwa jua, halafu mwaka unaofuata inamficha fundi tundu analotafuta kuziba. Na kama ataweka silikoni, aifungue uinuse kwanza. Inayonuka siki ina tindikali, inakula ile kinga ya bati. Dukani ulizia isiyo na harufu hiyo.

Kutu ipime kwa bisibisi. Bonyeza ncha yake pale penye wekundu. Ikikwaruza tu, sugua, paka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya bati. Ikipenya, bati hilo moja libadilishwe, na hapo tunazungumzia bati moja, si lote. Utaona pia madoa madogo ya kutu yaliyotapakaa kama upele, bila tundu. Hayo mara nyingi ni chenga za chuma, fundi alikata bati kwa grainda akiwa juu ya paa, chenga zikabaki, zikashika kutu. Zifagie. Ukimpandisha mtu, akanyage kwenye mistari ya misumari, kuna mbao chini yake, na asipande bati likiwa limelowa.

Gata zako safisha Februari na Septemba, na kama una mwarobaini au mwembe karibu, ongeza mara moja katikati ya vuli. Mwaga ndoo ya maji upande wa juu utazame: yakituama mahali, kishikizo kimelegea na mteremko umepotea. Hii si kwa ajili ya fishabodi, zile mbao za ukingo wa paa zinazoshika gata, peke yake. Dar ilipata milipuko ya homa ya dengi 2014 na 2019, na mbu wake anataka maji kidogo yaliyotuama, hata kizibo cha soda kinamtosha.

Maji yakishatoka kwenye bomba la gata yanakwenda wapi? Hapa ndipo nyumba nyingi za mjini zinaponikera. Mtu amefunga gata nzuri, halafu bomba linamwaga pale pale kwenye kona ya msingi. Maji yanachimba mchanga, zege la kuzunguka nyumba linabaki linaning'inia, na ukuta unaanza kupasuka. Mwingine, mjanja zaidi, analiingiza bomba kwenye chemba ya choo. Kumbuka zile lita 6,000. Karo lililojengwa kupokea maji ya watu watano haliwezi kuzimeza kwa usiku mmoja, kwa hiyo linasukuma uchafu wote kwenye shimo la kunywea, na shimo linaziba moja kwa moja. Maji ya mvua yaende simtanki, bustanini au mtaroni, yasiguse kabisa mfumo wa choo.

Mvua ya kwanza kubwa ya masika ikinyesha, chukua mwavuli uzunguke nyumba. Nasema kweli. Dakika kumi hizo zitakuonyesha vitu ambavyo mimi nikija Juni na vifaa vyangu vyote sitaviona.

Nyufa usizizibe kabla ya kuzipima. Chora mstari wa penseli ukikatiza ufa, andika upana wake na tarehe, na weka alama pale ncha yake ilipoishia. Rudi baada ya masika. Ufa mwembamba kama unywele ambao haujasogea ni plasta iliyonyauka, ziba na paka rangi. Uliopanda kwa ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali, au uliofika milimita 5, au uliovuka alama yako, huo muite mhandisi auone msingi. Fundi rangi hana dawa yake.

Rangi ikibambuka futi moja au mbili kutoka sakafuni na kutoa unga mweupe, hiyo ni chumvi inayopandishwa na unyevu kutoka ardhini, au imetoka kwenye mchanga wenye chumvi uliotumika kwenye plasta. Angalia kwanza kama udongo wa nje au maua hayajapanda kupita usawa wa sakafu ya ndani. Ukiteremsha udongo, ukuta ukakauka wakati wa kipupwe, sugua chumvi kwa brashi kavu ndipo upake. Rangi ya mafuta hapo usiiweke, unyevu utakosa pa kutokea na utapanda juu zaidi.

Karo halihitaji kunyonywa kila mwaka, linahitaji kupimwa kila mwaka. Funga taulo jeupe kuukuu kwenye fito ndefu, shusha hadi chini, subiri dakika chache, inua. Pale taulo lilipokuwa jeusi zito ni tope lililotulia. Tope hilo na utando wa juu vikijumlika kufika theluthi moja ya kina, ita gari la kunyonya. Kwa familia ya kawaida hutokea kila miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo lako huenda limefika zamu. Fanya kipupwe. Masika maji ya ardhini Kigamboni yanapanda, shimo la kunywea linajaa kwa chini, unalipa gari na wiki ya pili choo kinagoma tena. Mfuniko ukifunguliwa watoto wawe mbali, usiwashe kiberiti, na mtu asiingie ndani hata kwa sekunde moja kuokota kitu. Hewa ya humo inaua, na anayeingia kumwokoa mwenzake hufa naye.

Simtanki lioshwe mara moja kwa mwaka. Maji yakipungua, sugua tope, litoe, jaza tena, kisha tia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato. Ikiwa ya asilimia 3.5, kwa lita 2,000 utahitaji karibu lita 3. Fungua kila koki mpaka unuse klorini, funga, acha usiku kucha, asubuhi mwaga yote nje, mbali na maua na mbali na karo, kwa sababu klorini nyingi inaua wale wadudu wanaosaga uchafu humo. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye tindikali. Ukiwa hapo, ukague mnara unaolibeba. Lita 2,000 ni tani 2, na watoto hupenda kucheza kwenye kivuli chake. Miguu ya chuma igonge kwa nyundo chini kabisa, pale inapoingia kwenye zege, maana kutu huanzia hapo.

Mengine ni ya haraka. Njia za mchwa ukutani na kwenye fremu za milango, zivunje, rudi baada ya siku tatu. Zikijengwa upya, mchwa wako hai na dawa inahitajika. Magrili ya madirisha yanayotazama bahari yasuguliwe na kupakwa kila mwaka, ya upande wa pili yanaweza kusubiri. Mpira wa jiko la gesi upake povu la sabuni kwenye maungio uone kama linachemka, na ukifika miaka mitano ubadilishe hata kama unang'aa. Kama una kiyoyozi, kisafishwe, lakini fundi anayekuambia kila mwaka kinahitaji kuongezwa gesi muulize ile ya mwaka jana imekwenda wapi. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Imepungua kwa sababu kuna pahali inavuja, na pahali hapo ndipo alipwe kuziba.

Kuhusu fedha, wenye nyumba wengi hutumia kanuni ya asilimia 1 ya gharama ya nyumba kwa mwaka. Kama yako ilikula milioni 60 bila kiwanja, ni laki 6, au elfu 50 kila mwezi. Kwa nyumba inayotazama bahari mimi ningeongeza kidogo. Kuna miaka hutatumia hata nusu, bakiza, kwa sababu upo mwaka utakaopaka nje yote au kubadilisha vishikizo vyote vya gata. Ziwe kwenye akaunti yake, si kwenye kibubu mnachokopea ada za shule. Mwaka huu zitoke kwa mpangilio huu: umeme, skrubu za paa, bomba la gata, karo. Doa la dari lipakwe mwisho kabisa, baada ya masika nzima kupita pakavu.

Andika kila kitu kwenye daftari moja: tarehe ya kunyonya karo, namba ya rangi ya ukuta, mahali mifuniko ya chemba ilipofukiwa. Na huyo fundi wa bati, mpigie simu umwambie apande tena, safari hii na simu yako, akupigie picha za kila tundu. Baada ya kuingia darini saa saba mchana, niandikie umehesabu nyota ngapi, na hizo picha nitumie.